Kaburi la Minami na Mstari Mmoja wa Fomu

Ilikuwa yapata saa mbili asubuhi, mwezi wa Agosti, majira ambayo mji mdogo wa Cowra, ndani ya jimbo la New South Wales, huamkia sakitu nyeupe juu ya majani. Nilichuchumaa mbele ya bamba lililolazwa ardhini, nikalipangusa kwa kiganja mpaka vidole vikafa ganzi, nikasoma jina: Tadao Minami.

Hakuwahi kuwapo mtu wa jina hilo.

Aliyelala pale ni Hajime Toyoshima, rubani wa jeshi la majini la Japani. Ndege yake ilianguka katika kisiwa cha Melville tarehe 19 Februari 1942, siku mji wa Darwin uliposhambuliwa kwa mabomu, naye alipokamatwa akajitungia jina la Minami ili kwao pasijulikane kwamba yu hai mikononi mwa adui. Miaka miwili na nusu baadaye ndiye aliyepuliza tarumbeta iliyowaamsha mateka wenzake watoroke katika kambi ya Cowra. Tarumbeta imehifadhiwa Canberra katika makumbusho ya vita, na mwenyewe yuko Cowra, chini ya jina la kujibandika.

Ndani ya mkoba wangu ilikuwamo fomu ya kurasa mbili iliyokuwa imelala juu ya meza yetu ya jikoni kwa wiki tano.

Mstari uliobaki wazi

Halmashauri ya mji ninaoishi, pembezoni mwa Sydney, ina mji dada huko Japani, na hupokea wanafunzi wanaokaa majumbani mwa wenyeji kwa siku kumi. Fomu ile ilikuwa ya kuomba kumpokea mmoja wao. Nilikwisha kujaza vyumba vyetu ni vingapi, kama tuna mbwa, kama kuna anayevuta sigara. Kilichobaki ni mstari mmoja uliouliza kwa nini ninataka kuwa mwenyeji.

Nilishindwa kuujaza.

Nilizaliwa Tanga. Mkataba wa undugu kati ya mji huu na mji ule ulitiwa saini kabla sijaja kuishi hapa, na waliotia saini hawakuwa wakinifikiria mimi. Nimehudhuria hafla zake mara mbili: hotuba hutafsiriwa sentensi kwa sentensi, zawadi hutolewa kwa mikono miwili, picha hupigwa chini ya bendera, kisha kila mtu hurudi kwake. Nilijiuliza kama urafiki wa namna hiyo una mizizi yoyote, na kama una mizizi, mimi mgeni wa juzi nina haki gani ya kuutoa kana kwamba ni wangu. Kuandika neno "urafiki" katika mstari ule, huku nikilitilia shaka, kungekuwa kusema uongo katika karatasi ya serikali na, vibaya zaidi, kumwongopea mtoto wa watu.

Ndipo nikaamua kwenda Cowra, mwendo wa saa nne hivi kwa gari, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba ni huko Waaustralia na Wajapani walikoanza na makaburi, bila mkataba.

Usiku wa seng'enge

Kambi ya mateka wa vita ya Cowra ilikuwa na maboma manne. Katika boma B waliwekwa Wajapani zaidi ya 1,100, askari wa kawaida pamoja na masajini na makoplo wao. Mwanzoni mwa Agosti 1944 walijulishwa kwamba askari wa kawaida watahamishiwa kambi ya Hay na kutenganishwa na viongozi wao. Mwongozo wa kijeshi waliolelewa nao, uliotolewa mwaka 1941, uliwafundisha kwamba askari hapaswi kuishi na aibu ya kutekwa. Wengi walikuwa wametoa majina ya uongo kama Toyoshima, na nyumbani kwao wengine walikwisha kuombolezwa. Kura za kuamua kama watoroke zikapigwa banda kwa banda. Baadhi ya walionusurika walieleza baadaye kwamba walikubali kwa mdomo yale ambayo mioyo haikuyataka, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusema kwamba anataka kuishi.

Usiku wa tarehe 5, mnamo saa nane, tarumbeta ililia. Waliyachoma moto mabanda yao wenyewe, wakatupa mablanketi juu ya seng'enge, wakapanda wakiwa na visu vya mezani na magongo ya besiboli. Askari wawili wa Australia, Ben Hardy na Ralph Jones, walikimbilia bunduki ya rashasha, wakafyatua mpaka walipozidiwa na kuuawa, lakini kabla ya hapo waliitupa sehemu ya bunduki ambayo bila hiyo haifanyi kazi. Wajapani zaidi ya 230 walikufa, wengine kwa mikono yao wenyewe. Waaustralia waliokufa walikuwa wanne.

Zaidi ya 350 walitoka nje ya kambi na kutawanyika mashambani. Hakuna raia hata mmoja aliyeguswa, kwa kuwa viongozi wao walikuwa wamekataza.

Kuna tukio dogo la siku hizo ambalo sikuweza kulitoa kichwani. Baadhi ya watoro walijitokeza katika shamba la familia ya Weir, wamechoka na wana njaa. Mama mwenye nyumba, May Weir, aliwapa chai na vitumbua vya kizungu vilivyookwa asubuhi ileile, na aliona ni haki wale kwanza kabla ya wanajeshi kuja kuwachukua. Nimejaribu kuliwazia jambo hilo kutoka ndani ya jiko lake: habari zimeenea kwamba mateka wametoroka, mlangoni kuna wanaume wasiojua lugha yake, naye anahesabu vikombe.

Waliokata majani

Waaustralia zaidi ya 22,000 walitekwa na Japani katika vita vile, na karibu 8,000 kati yao hawakurudi. Kwa hiyo, askari waliorejea Cowra mwaka 1945 na baadaye hawakuwa watu wenye sababu ya kuwapenda Wajapani. Kuna waliopigana nao huko New Guinea. Kuna waliokuwa na ndugu waliokufa wakijenga reli ya Burma, ambayo Wajapani waliwafanyisha mateka.

Hata hivyo, ni wao, wanachama wa tawi la Cowra la chama cha askari wastaafu, walioanza kuyatunza makaburi ya Wajapani sambamba na makaburi ya wenzao. Makaburi yalikuwa yameota magugu. Wakayapalilia.

Nilipokuwa mtoto Tanga, jirani ambaye baba hakuwa akisalimiana naye kwa miaka alifiwa na mwanawe. Baba alichukua jembe akaenda makaburini kuchimba pamoja na wengine, akarudi amejaa udongo, na siku zilizofuata waliendelea kutosalimiana kwa muda mrefu. Kuzikana kulikuwa jambo la kwanza, na kupatana kungekuja baadaye au kusingekuja. Ninadhani ndivyo ilivyokuwa Cowra. Sioni dalili kwamba wale askari walikwisha kusamehe ndipo wakashika makwanja. Naona zaidi kwamba walikata majani wakiwa na hasira zao, na kazi yenyewe ikawafikisha mahali ambapo maneno yasingewafikisha.

Serikali zilikuja nyuma yao. Mwaka 1964 makaburi rasmi ya Wajapani yalifunguliwa Cowra, yakibuniwa na msanifu majengo Shigeru Yura, na Wajapani waliokufa sehemu nyingine za Australia wakati wa vita wakahamishiwa pale, hata wakawa zaidi ya 500. Mwaka 1970 Shule ya Sekondari ya Cowra na shule ya Seikei ya Tokyo zikaanza kubadilishana wanafunzi. Mwaka 1979 ikafunguliwa bustani ya Kijapani iliyosanifiwa na Ken Nakajima, baada ya mkazi mmoja wa mji, Don Kibbler, kulishikilia wazo hilo kwa ukaidi ambao leo mji mzima unaushukuru. Nakajima alichagua kilima chenye mawe makubwa, akaitandaza Japani yote mlimani: maji yanaanzia juu kama chemchemi, yanashuka yakiwa kijito, yanatulia chini yakiwa ziwa.

Niliitembelea bustani mchana. Ni nzuri mno, na uzuri huo ulinipa shaka mpya. Wageni walipiga picha juu ya daraja, wakanunua chai, wakaondoka, na sidhani kama wote walifika makaburini. Nikajiuliza kama bustani hii inakumbusha au inasahaulisha. Bado sina jibu linaloniridhisha kabisa, ila nilipotoka nilipita kwenye barabara iliyopandwa miti ya sakura, yaani micheri ya Kijapani, inayounganisha bustani, kambi na makaburi, nikaona kwamba walioipanda waliliona swali langu kabla yangu na kujaribu kulijibu kwa miche.

Upande wa pili, Naoetsu

Cowra ina mwenzake huko Japani, na mwenzake ni mgumu kumwangalia usoni.

Desemba 1942 mateka Waaustralia wapatao 300 walipelekwa Naoetsu, mji wa pwani wenye theluji nzito ambao sasa ni sehemu ya jiji la Joetsu, wakafanyishwa kazi viwandani. Kufikia mwisho wa vita 60 walikuwa wamekufa kwa njaa, maradhi na mateso. Majivu yao yalitunzwa katika hekalu la Kakushinji, ambako mkuu wa hekalu aliyapokea majivu ya maadui bila kubagua. Baada ya vita walinzi wanane wa kambi ile walihukumiwa na kunyongwa.

Kwa miaka mingi wakazi hawakutaka kulizungumzia jambo hilo, na ninawaelewa: walinzi walikuwa watoto wa palepale, na wajane wao waliendelea kununua samaki katika soko lilelile. Mwaka 1995 wakazi wenyewe walijenga bustani ya amani mahali kambi ilipokuwa. Pale kuna kumbukumbu ya Waaustralia 60. Pale pale kuna kumbukumbu ya walinzi wanane.

Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza nilifunga kompyuta.

Mtu aliyempiga mateka mpaka akafa anawekewa jiwe hatua chache kutoka jiwe la huyo mateka? Wiki mbili nililikataa katakata. Niliwaza, laiti ningekuwa binti wa mmoja wa wale 60, ningepita mbele ya jiwe lile na kulitemea mate. Kilichonilegeza, ingawa hakikunimaliza hasira, ni kufikiria ingekuwaje kama jiwe la wanane lisingekuwapo. Mji ungewaomboleza Waaustralia kana kwamba waliuawa na baridi. Wageni wangeinamisha vichwa, wenyeji wangeinamisha vichwa, na hakuna ambaye angelazimika kusema kwamba waliotenda yale walikuwa na mama zao mtaa wa pili. Jiwe la wanane ndilo linaloufanya mji ukiri. Wapo wasomaji watakaonipinga hapa, na sitawalaumu.

Leo watu wa Joetsu na watu wa Cowra hutembeleana. Wanaotembeleana wanajua wanachokanyaga.

Mapadri wa Lismore

Undugu rasmi wa kwanza kati ya mji wa Australia na mji wa Japani ni ule wa Lismore na Yamatotakada, katika mkoa wa Nara, uliotiwa saini mwaka 1963, miaka 18 tu baada ya vita. Chanzo chake kinafika katika reli ileile ya Burma. Padri Lionel Marsden, aliyekuwa mateka huko, aliazimia kwamba akinusurika atakwenda Japani kufanya kazi ya upatanisho, na akaenda. Mapadri wawili ndugu kutoka Lismore, Tony na Paul Glynn, walimfuata, na Padri Paul ndiye aliyeusukuma mji wake wa nyumbani ushikane mkono na Yamatotakada. Hapa tena, mkataba ulikuja kuandika lililokwisha kuanza.

Broome ilipokasirika

Sikutaka kujidanganya kwa kuchagua mifano inayopendeza peke yake, kwa hiyo nilisoma pia kuhusu Broome, mji wa lulu kaskazini magharibi mwa Australia, na Taiji, mji wa wavuvi wa Japani. Wanaume wa Taiji walipiga mbizi Broome kutafuta chaza tangu karne ya 19, na katika makaburi ya Wajapani ya Broome wamezikwa zaidi ya 900, wengi wao waliouawa na bahari, vimbunga na maradhi ya mbizi. Miji hiyo iliunganishwa rasmi mwaka 1981.

Agosti 2009, kufuatia hasira ya dunia juu ya uuaji wa pomboo huko Taiji, madiwani wa Broome walipiga kura kuusimamisha undugu huo. Ujumbe wa lawama ulikuwa umewamiminikia kutoka nchi za mbali. Katika kipindi hicho makaburi ya Wajapani yaliharibiwa. Wakazi wa Broome wenye asili ya Kijapani, ambao babu zao wamelala pale, walijikuta wakihukumiwa katika mji wao wenyewe kwa jambo linalotendwa ng'ambo. Oktoba mwaka huohuo halmashauri ilibatilisha uamuzi wake.

Mimi ninachukia jinsi pomboo wale wanavyouawa, na ninaamini rafiki ana haki ya kumwambia rafiki kwamba anakosea. Ila nimejifunza kutoka Broome kwamba undugu ule haukuwa mali ya madiwani peke yao hata waufunge kwa kura moja. Ulikuwa pia wa wajukuu wa wapiga mbizi, na wengi wa wajukuu hao wana damu ya Waaborijini, ya Wamalei na ya Wajapani katika mwili mmoja.

Hapo ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoanza kutikisika.

Urafiki wa nani?

Nilikuwa nimeifikiria historia hii kama mazungumzo kati ya watu wawili, Mwaustralia na Mjapani, nami nimesimama mlangoni. Nikarudi kwa Toyoshima.

Nani alimkamata? Matthias Ulungura, Mtiwi, mtu wa asili wa visiwa vya Tiwi, kimojawapo kikiwa Melville, aliyemteka rubani mwenye bastola na kumnyang'anya. Alifanya hivyo kwa ajili ya nchi ambayo katiba yake wakati huo iliagiza watu wa asili wasihesabiwe katika idadi ya wananchi, na kifungu hicho kiliondolewa baada ya kura ya maoni ya 1967. Na kambini Cowra walikuwamo nani? Waitalia kwa maelfu, na katika boma D, pamoja na maofisa wa Japani, walifungiwa Wakorea na Wataiwani walioingizwa katika vita vya dola iliyowatawala, na Waindonesia pia.

Hakukuwahi kuwa na watu wawili. Tangu siku ya kwanza walikuwapo waliojikuta pale kwa sababu ya mambo ya wakubwa, na kila mmoja alifanya alichoweza kwa mikono yake: mmoja alimteka mtu, mwingine alipika chai, mwingine alipokea majivu, wengine wakapalilia. Mama Weir hakuwa balozi wa nchi yake. Alikuwa mwenye nyumba ambayo wageni walifikia.

Nyumba ninayo na mimi.

Mwaka 2014, katika kumbukumbu ya miaka 70, alifika Cowra Teruo Murakami, mmoja wa mateka wa usiku ule, akiwa na umri wa miaka 93. Wapo wenzake walioishi mpaka kufa bila kuwaambia wake zao wala watoto wao kwamba waliwahi kuwa mateka. Yeye alikuja akiwa na jina lake halisi, akaonyesha uso wake, akapokelewa na mji. Nikiwa nimechuchumaa mbele ya bamba la Minami, nilifikiri kwamba kwa Toyoshima nafasi hiyo haikuwapo. Alikufa akiwa na miaka ishirini na kitu, na jina aliloliogopa lingemrudisha kwao.

Simu ya Tanga

Jioni ile, nikiwa bado Cowra, nilimpigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko kuna nini, mbona sauti imepoa?"

Nikamweleza yote: fomu, kaburi, jina la uongo, mawe mawili ya Naoetsu. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Huyo mtoto atakula nini?"

Nikamwambia wali ni chakula chao pia, na samaki, na chai. Akasema basi haoni shida iko wapi, ila siku mbili za kwanza nisimsumbue kwa kazi, siku ya tatu nimwonyeshe jembe kama wageni wote, kwa kuwa mtoto anayeachwa akae bure katika nyumba ya watu hulia usiku. Alisema hayo kwa uhakika wa mtu aliyelea watoto wa wengine maisha yake yote. Nami nikakumbuka kwamba nilipofika nchi hii, familia ya kwanza iliyonipokea ilinipa kisu na kilo mbili za viazi siku ya tatu, na usiku ule ndio nililala vizuri kwa mara ya kwanza.

Nilijaza ule mstari kwenye meza ya chumba cha wageni cha Cowra, kwa kalamu ya kuazima. Niliandika: "Tuna chumba kimoja cha ziada, na katika nyumba yetu watu hula pamoja."

Wiki iliyopita mratibu wa mpango alitutumia barua ya mgeni wetu. Ana miaka 16, hawezi kula kamba wa baharini kwa sababu wanamdhuru, na anacheza besiboli. Barua imeandikwa kwa mkono, kwa herufi zilizonyooka, na swali lake la mwisho linahusu jina letu la ukoo: anaomba tumfundishe namna linavyotamkwa, ili siku akifika mlangoni alitamke sawasawa.

Nimemwandikia kwa silabi, moja baada ya nyingine. Kila moja inaishia na irabu, kwa hiyo zote zinaingia katika katakana, herufi ambazo Wajapani huandikia maneno ya kigeni, bila kukatwa hata moja. Chini yake nimemwomba naye atuandikie jina lake hivyohivyo, polepole, kama mama yake anavyomwita.

Atawasili Jumapili.